Aliyepoteza Zaidi

Najua Kihispania. Hapa Kasulo ukisema hivyo watu wanakutazama usoni, kisha wanashuka hadi miguuni waone kama umevaa viatu. Lakini nakijua, na sikukiokota barabarani. Nilifundishwa kwenye benchi, miaka minne na ushee, na mwanamke niliyempenda kama mama yangu mzazi. Mwanamke huyohuyo ndiye aliyeniuza. Wako wanaoniambia "aliniuza" ni neno kali, nitafute lililo laini. Walitafute wao, mimi sina nafasi.

Jina lake Sista Remedios, mtawa wa Kihispania. Alikuwa na zahanati ndogo kando ya njia ya kwenda Rulenge, vyumba vitatu na baraza la sementi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa. Baba yangu, Mzee Bonaventura, akanipeleka pale nifagie, nichemshe sindano na kukunja bandeji. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka jambo moja tu: kuwa nesi. Gauni jeupe, saa ndogo imebanwa kifuani, na mtu akiingia anaugulia maumivu, anitafute mimi kwa macho.

Sista alinisikia siku moja nikimwambia mgonjwa avute pumzi kwa Kihispania, neno nililolidaka kwake, akasema kichwa hiki kisipotee bure. Tukaanza kusoma kila Jumamosi mchana, wagonjwa wakiisha. Alikuwa na sharti moja: kila sentensi ya mazoezi iwe ya kweli. Ukisema una ng'ombe, uwe na ng'ombe. Ukisema dada yako mvivu, awe mvivu. "Sentensi ya uongo haikai kichwani," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni. Basi nikamweleza maisha yangu yote kidogo kidogo, kwa lugha yake, na yeye akayasahihisha.

Mwaka wa pili tukafika kwenye kulinganisha, na hapo nilikwama vibaya. Sisi tunalinganisha kwa raha. Kwa Kihangaza unasema fulani anamshinda fulani urefu, yamekwisha. Kwa Kiswahili una kuliko, una zaidi ya, na ukizichanganya hakuna atakayekukamata shati. Wahispania hawana huruma hiyo. Ukisimamisha watu wawili bega kwa bega, unasema más que. Ikiingia namba, iwe kilo au siku au watoto, que inatolewa nje na de inaingia: más de tres días, zaidi ya siku tatu. Ukilinganisha na jambo zima, na kile mtu alichofanya au alichokuwa nacho, inakuwa más de lo que. Ukimtaja aliye juu au chini ya mwenzake, unatumia a. Ukiweka kitu kando ya kingine ili uvitazame, unatumia con. Nililia juu ya que na de, nasema kweli, nililia kamasi zikatoka.

Mwishowe nikajitungia njia yangu. Que ni ya mabega. De ni ya mizani. De lo que ni ya gunia lililofungwa, ambalo hujui lina kilo ngapi. A ni ya ngazi, na con ni ya mkeka mmoja. Sista aliposikia alicheka mpaka akavua miwani, akaiandika katika daftari lake. Alisema amefundisha watu lugha yake miaka mingi na hakuwahi kufikiria gunia. Siku hiyo nilirudi nyumbani najiona mtu.

Wala usidhani hayo yalikuwa mambo ya ubaoni tu. Kaa na daktari nusu saa utaona: kazi yake kubwa ni kulinganisha. Unaumwa zaidi kuliko jana? Umeharisha zaidi ya mara tatu? Mtoto ananyonya kidogo kuliko alivyokuwa akinyonya? Mkalimani akikosea hapo, anayelipia ni mgonjwa.

Claudia alikuja mwisho wa mwaka tisini na tatu, wakati Warundi walipovuka kwa maelfu. Alitoka Muyinga na mama yake, Mama Kanyange. Walikuwa watatu walipoondoka kwao. Mdogo wake, Aline, alifia njiani kwa homa, wakamzika kwa majembe ya watu wasiowajua. Baba aliwakuta wamekaa chini ya migomba yetu kwenye mvua, akawaleta nyumbani. Walilala jikoni kwetu wiki tatu, kabla ya kambi kupangwa na watu kupewa shitingi, yale maturubai ya plastiki ya kujengea vibanda. Mimi na Claudia tulilingana umri, nimemtangulia mwaka mmoja, na kwa kuwa Kihangaza na Kirundi ni lugha za nyumba moja, hatukuhitaji hata siku mbili za kuzoeana. Tulisukana nywele, tukachota maji pamoja, tukasemana vibaya na kupatana.

Siku ya kuandikishwa kwa ajili ya kadi za posho, Mama Kanyange alinijia asubuhi amevaa kitenge chake kizuri.

"Mwanangu," alisema kwa Kiswahili chake chenye r nyingi, "twende wote. Utaandikwa kwa jina la Aline. Nimekura kwenu wiki tatu, nami nirete chakula kwenu. Sitaki kusema kaburi limeniacha na mtoto mmoja."

Nani angekataa? Tena haikuwa ajabu. Nusu ya Wahangaza wa vijiji vya jirani walikuwa ndani ya uzio ule siku ile, wengine na bibi zao. Karani aliniuliza kilima cha kwetu, nikamtajia cha Mama Kanyange, nikamtajia na mto wake. Masikio yake hayakuweza kututenganisha. Nikachovya kidole kwenye wino, nikawa Aline. Kila posho ilipotoka, mahindi na maharage na kikombe cha mafuta, Mama Kanyange aligawa katikati na nusu ilikuja kwa baba. Baba naye aliwaruhusu kuni na ndizi. Hakuna aliyeona wizi hapo. Mimi mpaka leo sioni.

Ni mimi niliyempeleka Claudia kwa Sista. Nataka hilo lieleweke. Hakuna aliyemwita, nilimshika mkono nikampeleka, nikamwambia Sista huyu ni ndugu yangu, naye afundishwe. Claudia alikuwa na Kifaransa cha shule, kwa hiyo maneno mengi yalimjia upesi, lakini kwenye kulinganisha alianguka kama nilivyoanguka mimi. Que na de alizipata kwa mwezi mmoja. De lo que ikamkatalia kabisa, miezi sita. Nilikaa naye chini ya shitingi yao, nikamwekea gunia halisi mbele yake, nikalifunga mdomo. "Hujui lina kiasi gani," nikamwambia. "Unajua tu kwamba amelibeba. Hiyo ndiyo de lo que." Alitikisa kichwa, akakosea tena, nami nikarudia. Sikuchoka, kwa sababu nilikuwa nampenda.

Jumamosi moja Sista alitutaka sentensi za mizani, za más de. Claudia alisema wao kambini wanaishi watu zaidi ya elfu. Zamu yangu ikafika, nami nilikuwa nimeshamaliza idadi ya kuku, ya migomba na ya wajomba. Nikasema, Recibimos más de treinta kilos de maíz al mes. Tunapokea zaidi ya kilo thelathini za mahindi kwa mwezi.

Claudia alinikanyaga mguu chini ya benchi.

"Tunapokea nani?" Sista aliuliza. "Wewe na nani?"

Sikuona hatari yoyote. Ningeonaje? Huyu ndiye niliyemweleza lini niliota matiti na nani alinibusu nyuma ya ghala. Nikamwambia yote, jina la Aline, wino, kilima cha Muyinga, na nikajivunia kwamba nimeyasema bila kukosea hata neno moja. Sista alisikiliza huku ameegemeza kidevu mkononi. Akasahihisha namna nilivyotamka neno la mwezi, basi.

"Ni sentensi ya kweli," alisema. "Haitakutoka."

Madaktari wa Kihispania walikuja kambini mwaka tisini na tano. Shirika lao sitalitaja, limeshaondoka na wenyewe walikuwa watu wema. Walifungua hema kubwa la wazazi, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata wakatangaza wanahitaji mkalimani mmoja wa kike. Mmoja. Atafanya kazi mwaka mzima pale hemani, kisha watamsomesha unesi, gharama yote juu yao. Niliposikia nilikaa chini palepale barabarani. Kwa mtu aliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi, mlango wa namna hiyo haufunguki mara mbili. Sista mwenyewe alinishika mashavu akasema, "Nenda, binti yangu." Claudia naye akasema atajaribu, tukacheka, nikamwambia jaribu, tutatoka wote tumeshikana mikono, wewe utanibebea mkoba.

Aliyetupima ni daktari Nuria, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Hakuwa na karatasi. Aliniweka kati yake na mama mjamzito mmoja kutoka Kirundo, akaanza kuuliza mfululizo. Maumivu ni makali kuliko ya mimba ya kwanza? Ni zaidi ya saa sita sasa? Mtoto anacheza kidogo kuliko alivyokuwa akicheza wiki iliyopita? Nilikuwa napokea na kutoa, napokea na kutoa, Kirundi huku, Kihispania kule. Mabega, mizani, gunia. Nilipomaliza daktari aliniuliza nilikulia Hispania upande gani. Nikamwambia upande wa Kasulo. Alicheka akanipiga begani.

Claudia aliingia baada yangu, akakaa muda mfupi kuliko mimi, akatoka jasho linamtiririka. "Nimechanganya lile gunia lako," aliniambia. Nilimfariji. Nilimnunulia hata maandazi mawili pale sokoni.

Wiki moja baadaye niliitwa kwenye ofisi ya shirika. Nilivaa gauni la Pasaka. Aliyenipokea ni karani wao, Bwana Wiston, mtu wa Biharamulo, ambaye wote tulimfahamu kwa sababu ndiye aliyesoma matangazo kwenye kipaza sauti. Nilimwamkia, akaitikia bila kuninyanyulia macho.

"Binti," alisema, "jina lako nani?"

"Anneth Bonaventura."

"Na Aline ni nani?"

Nilimwambia sijui Aline. Akaisukuma kadi ya posho ya kina Mama Kanyange juu ya meza, kidole chake kikiwa juu ya mstari wa tatu.

"Daktari amesema hawezi kumweka hemani mtu aliyedanganya kambi," alisema. "Nafasi amepewa mwenzako, Claudia. Mstari huu umefutwa, hao wawili wamebaki na posho yao. Shukuru hujapelekwa polisi."

Nilipiga kelele. Sina tabia ya kulia kimya. Nilimwambia Claudia ni nyoka, amenichoma kwa sababu alijua hawezi kunishinda, nimemlisha, nimemfundisha, nimemfungulia mlango wa nyumba yetu. Watu wa foleni ya nje wakaanza kuchungulia. Bwana Wiston, ambaye nadhani hakuwa mtu mbaya, alisimama akafunga dirisha.

"Acha kumsingizia mwenzako," alisema. "Hajafungua mdomo hapa. Imekuja barua. Na usiniulize imesemaje, mimi lugha hiyo sijui, nimeambiwa tu na daktari." Akavuta faili, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa. "Wewe si unaijua? Soma mwenyewe unitoe lawama."

Niliutambua mwandiko kabla sijaishika. Zile herufi ndefu zilizolala upande wa kulia zilikuwa zimejaa katika madaftari yangu yote.

Barua ile naikumbuka neno kwa neno, ingawa sijawahi kuwa nayo tena. Sista Remedios aliandika kwa daktari Nuria kwamba anawajua wasichana wote wawili na anataka kuwalinganisha kwa haki. Anneth sabe más que Claudia, Anneth anajua kuliko Claudia. Yupo nami zaidi ya miaka minne, más de cuatro años. Kihispania chake kiko juu ya kile cha Claudia, superior al de Claudia. Nikafikiri labda nimekosea, labda hii ni barua ya kunitetea. Nikageuza ukurasa. Akiwekwa kando ya Claudia, comparada con Claudia, Anneth ni tajiri: ana baba, ana shamba, ana nchi. Claudia ha perdido más de lo que Anneth ha tenido nunca. Claudia amepoteza zaidi ya vyote ambavyo Anneth amewahi kuwa navyo.

Chini ya hapo ndipo aliponichinja. Aliandika kwamba dhamiri yake haimruhusu kunyamaza, kwamba Anneth, raia, anapokea chakula cha wakimbizi kwa jina la marehemu. Más de treinta kilos de maíz al mes. Sentensi yangu. Ile niliyomtungia kwenye benchi, ameitoa kama ilivyo, kwa maneno yaleyale niliyokuwa nimejivunia. Akaomba familia ya Claudia isiadhibiwe, kwa kuwa ni huzuni iliyowapotosha. Mimi hakuniombea chochote.

"Inasemaje?" Bwana Wiston aliuliza.

"Inasema umesema kweli," nilimjibu. "Si Claudia."

"Ililetwa hivyo hivyo, haina hata gundi," alisema akiirudisha kwenye faili. "Mtu akitaka kukuumiza hujificha kidogo. Huyu hakuwa na nia mbaya."

Nilitembea hadi zahanati kwa miguu, jua la saa nane, viatu vya Pasaka mkononi. Nilimkuta Sista barazani anahesabu vidonge kwenye sinia. Aliponiona alijua. Alisimama, akaanza na Kihispania, Anneth, hija, yaani binti yangu.

"Sema Kiswahili," nilimwambia. "Hiyo lugha nyingine leo siisikii."

Alikaa tena.

"Niliomba siku tatu," alisema. "Kisha nikalinganisha."

"Nani alikutuma ulinganishe? Daktari ametupima. Ameona nani anajua."

"Kuna mizani nyingine, Anneth. Wewe ukikosa kazi hii unarudi kwa baba yako. Kuna migomba, kuna nyumba. Claudia akikosa, anarudi kwenye shitingi. Amepoteza zaidi ya—"

"Nimesoma. Nimeisoma vizuri tu."

"Na si kweli?"

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana nilitaka kumpiga. Uongo ningeukataa na kuapa, lakini ukweli wake ulikuwa umekaa pale kati yetu na mimi sikuwa na pa kuushika.

"Basi ungeandika hayo," nilisema. "Ungeandika amefiwa, amefukuzwa kwao, mpeni yeye. Kadi uliiingiza ya nini? Nilikwambia mimi, Sista. Hakuna mtu mwingine duniani niliyemwambia. Sikukwambia kama mwizi aliyekamatwa. Nilikwambia nikiwa nasoma!"

Alizungusha kidonge kimoja kwenye sinia kwa kidole.

"Kwa sababu ulikuwa umemshinda mno," alisema taratibu. "Daktari aliniambia hivyo mwenyewe, kabla sijaandika. Bila kadi wangekuchukua wewe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Haikuwa dhamiri iliyoisukuma kadi ile. Aliinyamazia mwaka mzima, akala maandazi yaliyokaangwa kwa mafuta ya posho ile ile, akacheka nasi. Aliitoa siku alipoihitaji. Kama ningekuwa mzembe kidogo, kama ningekosea de mbili tatu mbele ya daktari, angeniacha na siri yangu. Nilimtumaini huyu mwanamke kuliko nilivyomtumaini baba. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba ningeombwa kwa mdomo nimpishe Claudia, nisingempisha, sitadanganya. Lakini ningekuwa nimekataa mimi mwenyewe, kwa jina langu.

"Nisamehe," alisema.

"Barua ulimpa nani aipeleke?"

Alinitazama kama mtu asiyeona sababu ya swali.

"Claudia. Alikuwa anarudi kambini Jumamosi ile."

"Na hukuifunga."

"Mimi sifichi ninachoandika."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtetea Claudia moyoni. Nasema hivi ili mtu asinifikirie kwamba napenda kushuku watu. Nilijiambia aliibeba tu kama mtu abebavyo barua ya Sista wake, ameiweka kwenye kikapu, hakuigusa. Nilijiambia alinikanyaga mguu siku ile ili kuniokoa. Nilipanga hata maneno ya kumwomba radhi kwa yale niliyoyapiga kelele ofisini. Nilimhitaji. Nilikuwa nimepoteza mama wa pili na sikutaka kupoteza na ndugu siku hiyohiyo.

Alikuwa ameshaanza kazi. Nilimkuta nje ya hema la wazazi, amevaa aproni ya bluu ya shirika, ananawa mikono kwenye ndoo yenye bomba. Aliponiona alifunga bomba, akabaki ameinua mikono yake ikidondosha maji.

"Dada," alisema.

"Claudia, ile barua ya Sista. Uliibeba wewe."

"Niliibeba."

"Uliisoma?"

Ningetaka aniambie hapana. Angeniambia hapana ningemwamini, hata kama ni uongo. Ningeuchukua ule uongo nikaenda nao nyumbani. Aliangalia chini, akaangalia kambi, mashitingi yanayopanda kilima bila mwisho, kisha akaniangalia mimi.

"Niliisoma pale darajani. Niliisoma mara mbili."

"Uliielewa?"

"Yote," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ulinifundisha vizuri, dada. Nilikaa pale na mawe mkononi, nikasema niizamishe mtoni. Nikasema nikuletee wewe kwanza. Halafu nikafika kwenye ule mstari unaosema nimepoteza zaidi ya ulivyowahi kuwa navyo, nikasema, kumbe kuna mtu ameona. Nikaipeleka."

Nilikuwa nimesimama mbele ya mtu ambaye nywele zake nilizisuka mimi, najua kovu lake la kisigino, najua anavyokoroma, na alikuwa amesoma hukumu yangu kwa macho niliyomfungua mimi, akaitia kikapuni na kuendelea na safari.

Daktari Nuria akaita kutoka ndani, kwa sauti ile ya kuamrisha ng'ombe. Claudia alifuta uso kwa aproni.

"Usiende," aliniambia. "Nisubiri, nikitoka tuongee." Akainua pazia akaingia.

Sikwenda. Nilisimama nyuma ya turubai, nikasikia kila kitu. Kulikuwa na mama mle ndani aliyeugua kwa sauti nzito, na daktari akauliza ameanza lini. Claudia alimgeukia mama kwa Kirundi, akapata jibu, akalirudisha kwa Kihispania. Anasema inauma más que ayer, kuliko jana. Anasema ana más de dos días, zaidi ya siku mbili. Zote mbili zilikuwa sawa. Kisha yule mama akasema, kwa pumzi zilizokatika, kwamba damu inayotoka sasa ni nyingi kuliko iliyomtoka kwa mtoto wake wa kwanza.

Nilijua ni ipi inayohitajika hapo. Nilijua pia ni ile ya gunia, iliyomshinda miezi sita. Nilikamata kamba ya hema kwa mikono miwili, nikamwomba Mungu Claudia akosee. Mwanamke anavuja damu kitandani, na mimi namwomba Mungu mkalimani wake akosee, ili waje nje wanitafute.

Claudia alisita kwa muda wa pumzi moja. Kisha akasema, "Más de lo que sangró con el primero," vizuri kabisa, na daktari akaanza kukimbia.